Majina Mwishoni mwa Barua

Leo ni Jumanne. Kengele ya misheni ililia saa tisa alasiri, na tangu ilipolia nimekoroga wino na kuchonga kalamu, kwa hiyo naandika kwamba nimeanza saa tisa na robo. Nimekaa migombani nyuma ya nyumba, ili anayepita njiani asinione. Kesho saa mbili asubuhi nitasimama mbele ya watu nisome barua kwa sauti, mimi ambaye nikiulizwa jina langu darasani naangalia vidole vya miguu. Anayenisimamisha ni Mwalimu. Nataka kumwandika leo, namna nimjuavyo, kwa sababu kesho jioni sijui kama nitakuwa naandika habari za mtu aliyepo.

Nyumbani tunasema Kimeru. Naandika kwa Kiswahili cha shule kwa kuwa hapa nyumbani hakuna mwingine anayekisoma, nami sina mahali pengine pa kuwa peke yangu.

Alikozaliwa Mwalimu sikuwahi kuuliza. Nilipopata akili nilimkuta pale pale, mlangoni mwa shule, fimbo yake ya mti mgumu wa mloliondo mkononi. Misheni tuna Bwana Mchungaji, mzungu, ambaye Kiswahili chake kinachechemea kama mbuzi aliyefungwa mguu. Lakini Maandiko sisi tumeyasikia kwa mdomo wa Mwalimu. Huvaa koti jeusi alilopewa na misheni, limebaki vifungo viwili, na ndani yake ngozi ya mbuzi. Watoto wakimcheka husema, "Juu nimevaa kwa ajili ya Bwana Mchungaji. Ndani nimevaa kwa ajili ya mlima." Na kweli, baridi ya Meru haiogopi koti.

Yeye vitabu vya Mtume haviiti vitabu. Huviita barua. Anasema viliandikwa na mtu aliyeko safarini, kwa watu wachache waliokuwa wamebatizwa juzi tu, wenye wajomba na shangazi wasiobatizwa, waliokuwa hawajui wale nini na wamzike nani vipi. "Watu kama ninyi," husema. Jumapili hasimami mbele. Hutoka nje, akazunguka, akaja kusimama mlangoni, amefunika barua kwa kitambaa, anahema kama aliyetembea tangu mtoni kule ambako maji ni mekundu kama chai.

"Hodi! Nina barua."

"Karibu! Ya nani?" kanisa zima linajibu.

"Ya Mtume."

Ndipo anaingia. Bwana Mchungaji mwanzoni alikunja uso, halafu akaona mabenchi yanajaa, akaacha.

Bibi yangu, mama yake baba, yuko darasa la ubatizo mwaka wa tatu sasa. Habatizwi kwa sababu ya maswali. Siku moja Mwalimu anasoma, bibi akanyanyua mkono kama aliyeko sokoni.

"Huyo Mtume kila siku anatuma maneno. Yeye miguu hana?"

"Amefungwa, mama."

"Amefungwa wapi? Bomani?"

"Boma jingine. Mbali."

"Kosa lake?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Barua," akasema.

Bibi akavuta shuka lake begani. "Basi na wewe mwenye barua uangalie."

Watu walicheka, Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile nahisi baridi.

Boma analijua. Bega lake la kulia limezama, mfupa umekaa vibaya, ukimwangalia kwa nyuma koti linaning'inia upande mmoja. Wakati Wajerumani wanajenga boma la Arusha yeye alikuwa kijana, na alikuwa miongoni mwa waliobebeshwa mawe na chokaa. Hasimulii. Nimemsikia mara moja tu, mvulana mmoja wa darasa letu aliposema angependa siku moja aone ndani ya boma. Mwalimu akamwambia, "Mimi kila ukuta wake naujua. Niliubeba." Kisha akafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu.

Usidhani ni mtu wa huzuni tu. Anakataza tumbaku, na ugoro anao mfukoni. Akikamatwa husema, "Mtume hakuandika lolote habari za ugoro. Nimetafuta." Akibariki watoto huwatemea mate kifuani, kama wazee wote wa huku wanavyofanya, halafu ndipo anawawekea mkono. Bwana Mchungaji alimwambia mate ni uchafu wa kipagani. Mwalimu akamjibu kwa adabu kabisa, "Bwana wetu alitema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu machoni. Sasa Bwana Mchungaji anataka nianze na tope?" Bwana Mchungaji alikwenda kusoma usiku ule, na Jumapili iliyofuata hakusema tena habari za mate.

Lakini ana ukali wake, na ukali huo ndio uliotufikisha kesho.

Mwalimu anaamini barua lazima ijibiwe. "Barua isiyojibiwa," husema, "ni mgeni aliyeachwa mlangoni mvua inanyesha." Wazee wa hapa walikuwa na fikra hiyo kabla yake. Barua ya kwanza ya Mtume iliposomwa, miaka mingi nyuma, mzee mmoja aliuliza nani amepewa kazi ya kujibu, na aliposikia hakuna, alisema ni aibu, watatuona hatuna malezi. Mwalimu hakumcheka. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, wanafunzi wa darasa la juu humjibu Mtume, na mwaka huu ni sisi watano. Hesabu tunaandika kwenye vibao. Karatasi ni za barua tu. Akisema Mtume habari za kugombana, sisi tunaandika kwetu watu wanagombania nini. Akisema habari za wajane, tunaandika wajane wetu wanakaaje.

Na kila barua lazima iishie na majina. Hilo ndilo somo lake kubwa. Kuna barua moja ambayo mwisho wake ni rundo la salamu, nisalimie fulani, nisalimie fulani na mama yake. Bwana Mchungaji huruka pale. Mwalimu haruki hata jina moja. Huyasoma taratibu, na wanawake wazee nyuma wanajibu kila jina, "Tumepokea." Mwalimu anasema mafundisho yanaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye kiburi, ila majina huandikwa na mtu anayependa watu. "Usipomtaja aliyekuwepo," anatuambia, "umemwibia salamu yake."

Na kumtaja asiyekuwepo je? Huyo mvulana aliyetaka kuliona boma aliwahi kumwandika shangazi yake kuwa alikuwepo kwenye sala ya jioni, kumbe shangazi alikuwa shambani. Mwalimu alimsimamisha mguu mmoja mpaka jua likaingia migombani. "Umempelekea Mtume salamu ya uongo!" alikuwa akirudia, na sauti inamtetemeka kama aliyeibiwa ng'ombe. Sijamwona amekasirika vile tena.

Barua zetu anaziweka katika kopo kubwa la bati lililokuja na biskuti za wazungu. Hachomi hata moja. Tukimuuliza atazifanyia nini, husema siku msafara wa kwenda kwa Mtume ukipatikana zitakwenda. Sikuwahi kujua kama anatania.

Jambo moja analikwepa. Kila mwaka bibi humuuliza, "Baba yangu alikufa kabla mzungu hajafika. Hakusikia jina la Yesu hata mara moja. Yuko wapi?" Bwana Mchungaji ana jibu la swali hilo, na kwa sababu ya jibu hilo wazee watatu waliondoka kanisani, hawakurudi. Mwalimu jibu hilo halitoi. Husema, "Swali hilo lina barua yake, mama. Bado sijaifikia."

"Soma upesi basi," bibi humwambia. "Mimi nazeeka."

Sasa niandike habari ya nyama.

Mvua za vuli hazikuja. Migomba imeinama, na mlima wenyewe umejificha siku nyingi katika ukungu mkavu usiodondosha kitu. Mwezi uliopita wazee walipanda kwenye chemchemi pale msitu unapoanzia, wakachinja kondoo mweusi kuomba mvua, kama ilivyofanyika tangu zamani. Bibi alikwenda, akanichukua nimbebee kibuyu. Tulikaa chini kidogo, nyama ikaletwa, tukala. Boma halikutajwa hata neno. Walisema habari za mvua, na mzee mmoja alilalamika magoti.

Ijumaa iliyofuata, zamu ilikuwa ya barua ile ambayo Mtume anaulizwa kama Mkristo anaweza kula nyama iliyochinjiwa miungu. Wenzangu wanne waliandika kwamba wao hawali, nyumbani kwao hawaendi, salamu kutoka kwa baba na mama. Mimi kusema siwezi, ila kalamu ikiwa mkononi siwezi kuficha. Niliandika yote: chemchemi, kondoo, kibuyu. Mwishoni niliandika majina ya watu kumi na wanne, bibi wa kwanza na mimi wa mwisho.

Mwalimu aliisogeza karatasi karibu na pua, macho yake yamechoka siku hizi.

"Bibi yako alikula?"

"Alikula."

"Na wewe?"

"Nilikula, Mwalimu."

"Ilikuwa na chumvi?"

"Haikuwa nayo."

"Basi adhabu mmekwisha kuipata." Akacheka peke yake. Halafu akapita juu ya majina kwa kidole, akihesabu. "Kumi na wanne. Umewasalimia vizuri." Akaitia koponi. Kwa Bwana Mchungaji hakusema, ingawa angesema bibi angefukuzwa darasa la ubatizo siku ile ile.

Aliyesema ni Bwana Mchungaji mwenyewe, na alisema kwa wema. Haya tuliyapata kwa mpishi wake. Wiki jana alikula bomani Arusha. Bwana Mkubwa wa boma akamwambia watu wa mlimani wamekutana chemchemini na kula kiapo cha kukataa kazi ya barabara. Bwana Mchungaji akatutetea. Akasema watu wake ni wapole, hawana siri, hata watoto wa shule huandika kila jambo katika barua, majuzi habari za nyama ya miungu, na mwishoni majina ya wote waliokuwepo. Mpishi anasema Bwana Mkubwa aliweka kijiko chini.

Jana akaja karani wa boma, na askari wawili. Karani ni mtu wa pwani, kanzu safi, maneno laini.

"Shikamoo, mzee. Nasikia unafundisha watoto mwandiko mzuri."

"Marahaba. Najaribu."

"Keshokutwa saa mbili nitakuja kuusikia. Ile Ijumaa ya nyama. Barua tano, zisipungue. Na kila mtoto asome yake mwenyewe, nione kama mkono na mdomo vinafanana." Akatabasamu. "Watakaotajwa wana kazi ya barabara. Mnyororo upo tayari."

Askari mmoja alikuwa anakula ndizi yetu. Alilitupa ganda mlangoni, pale pale Mwalimu anaposimama na kupiga hodi.

Leo adhuhuri Mwalimu aliniita. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la kanisa, kopo la bati limefunguliwa magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Ulilala?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi pia." Akatoa karatasi mpya na barua yangu. "Nakili. Chemchemi acha ibaki, kondoo acha abaki, kibuyu acha kibaki. Yote ni kweli. Ukifika kwenye majina, simama."

Nilinakili. Nikadondosha wino, akasema doa ni zuri, barua ya kweli ina doa. Nilipofika kwenye majina nikasimama.

Akaanza kunitajia. Jina la kwanza lilikuwa la baba yake bibi.

"Mwalimu, huyu alikufa zamani."

"Najua. Nilishika miguu yake tulipompeleka kuzikwa migombani. Andika."

La pili ni la mtu aliyekufa mwaka ng'ombe walipokwisha. La tatu na la nne, mke na mume, wa njaa ile ya baadaye. Nilielewa. Karani ni mgeni, Bwana Mchungaji anawajua waliobatizwa tu, na hawa wote walikufa kabla hajafika. Niliiweka kalamu chini. Sijui nilitoa wapi ujasiri.

"Ulimsimamisha yule mguu mmoja," nikasema. "Ulisema salamu ya uongo."

Nje kunguru walikuwa wanagombana juu ya paa.

"Mtume yuko hai?" akaniuliza.

"Amekufa, Mwalimu."

"Basi nani anaweza kumsalimia kutoka karibu? Wewe au wao?"

Nikaichukua kalamu tena. Baadaye nikamuuliza, "Ile barua ya swali la bibi. Umeifikia?"

"Sijaifikia," akasema. "Nimechoka kuingoja. Nimeijibu kabla haijaja."

Tukaendelea. Majina kumi na matatu. Aliyatamka taratibu, kama Jumapili, na baada ya kila jina alingoja kidogo, kana kwamba kuna mtu nyuma yetu anajibu. Nilipouliza la kumi na nne, alitaja lake mwenyewe. Jina lake la nyumbani, ambalo hakuna anayemwita nalo.

"Lakini wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo. Juu kidogo, nyuma ya mti. Yule mzee wa magoti aliniletea ubavu." Akanitazama. "Haukuwa na chumvi. Siku ile nilikuuliza nione kama utasema kweli. Ukasema kweli kwa kila kitu, ila mimi ukaniibia salamu yangu. Andika."

Nikamwambia watamfunga. Akasema karani atawatafuta wale kumi na watatu siku mbili, labda tatu, kutoka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba itamwonyesha migomba. Kisha atarudi kwa yule mmoja anayepatikana. Siku tatu zinatosha watu kuvuka upande wa pili wa mlima.

"Kwa nini usivuke na wewe?"

Akaligusa lile bega. "Nani atawaelekeza waliofungwa huko ndani? Ukuta wa kaskazini una jiwe linaloingiza upepo. Usiku ukilala karibu nalo unapumua." Kisha akafunika kopo. "Barua yako ya kwanza irudishe kwako. Ichome. Ni ya kwanza kuchomwa, Mtume atanisamehe. Na kesho usisome kama panya."

Nilipofika nyumbani nilimwambia bibi avuke leo. Akauliza kwa nini, nikamsimulia. Alisikiliza akiwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya.

"Amemtaja baba?"

"Wa kwanza."

"Anamsalimia Mtume?"

"Ndiyo, bibi."

Kisu kikasimama. "Kumbe yupo," akasema. Sasa ninapoandika nasikia anafunga mzigo, anamwambia jirani kwa sauti kubwa kwamba dada yake wa ng'ambo ya mlima ameshikwa na tumbo ghafla. Barua ya kwanza nimeichoma jikoni. Karatasi iliyo na jina la bibi inaungua kama karatasi nyingine yoyote.

Jumatano.

Nilikwenda. Karani alikaa mezani pa Mwalimu, Bwana Mchungaji kando yake, uso mwekundu. Askari walikuwa mlangoni, na nyuma yao walisimama watu wa karibu, wengi wao wanawake wazee. Mwalimu alisimama ukutani. Wenzangu wanne walisoma, karani akawa anapiga miayo. Zamu yangu ikafika.

Nilisoma chemchemi, nikasoma kondoo. Karani akaacha kupiga miayo, akachovya kalamu. Nilipotaja jina la kwanza sauti yangu ilikuwa ya panya. Kutoka nyuma ya askari mwanamke mmoja mzee akajibu, "Tumepokea."

Karani akageuka. "Nini hiyo?"

"Ni desturi ya kanisa letu," Bwana Mchungaji akasema. "Endelea, binti."

Nikaendelea. Kila jina, wanawake wakajibu, na walijua wanamjibu nani, kwa maana mmoja wao alikuwa analia na nilikuwa nimetoka kumtaja mumewe. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemwambia karani. Karani aliandika kwa mwandiko mzuri sana, kuliko wangu.

Baada ya la kumi na tatu nilikunja karatasi.

"Ndiyo mwisho?" karani akauliza.

Nikatazama vidole vya miguu.

"Bado mmoja," akasema Mwalimu kutoka ukutani. "Usimwibie."

Nikaikunjua. Nikasoma jina lake, na nililisoma kwa sauti kubwa, sijawahi kujisikia nina sauti ile. Humu siliandiki. Nimekwisha kujua karatasi husomwa na nani. Bwana Mchungaji aliinua kichwa ghafla, akamtazama Mwalimu. Karani aliandika.

"Na huyu wa mwisho anakaa wapi?"

"Karibu na shule," akasema Mwalimu. "Hapotei."

Wanawake hawakujibu. Nilingoja. Kalamu ya karani ilikuwa imefika mwisho wa mstari, na jina lake lilikuwa limebaki hewani peke yake, kama mgeni aliyepiga hodi asiitikiwe. Basi nikaitikia mimi.

"Tumepokea," nikasema.